Maria Alibaki Ndani ya Nyumba

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule mfupi wa kila asubuhi, kwa hiyo kama uko ndani ya matatu unaenda kazini, uweke usome jioni. Na kama umefiwa mwaka huu, usiusome kwa haraka. Wewe ndiye niliyekuwa nikikufikiria nilipoketi kuandika.

Tunasoma Yohana 11. Sura hii tunaipenda kwa ajili ya mwisho wake. Kwenye kesha, mhubiri akifika pale Lazaro anapoitwa atoke kaburini, hakuna anayebaki ameketi. Lakini hebu hesabu aya. Lazaro anaitwa kwenye aya ya 43 na kutoka kwenye aya ya 44. Kabla ya hapo kuna aya 42 za ugonjwa, ujumbe uliotumwa, siku zilizopita bila jibu, safari, kilio, na watu waliokuja kufariji. Nimeihubiri sura hii mara nyingi, na kadiri miaka inavyokwenda najikuta nikikaa zaidi kwenye hizo aya za matanga. Kazi ya uchungaji imenisimamisha kando ya makaburi mengi, na mpaka leo sijaona hata moja likifunguka. Akina Martha na akina Maria nimewaona wengi.

Bethania kilikuwa kijiji kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima wa Mizeituni, mwendo usiofika kilomita 3 kutoka Yerusalemu. Ndiyo sababu watu wengi wa mjini waliweza kufika matangani. Mahali hapo bado pana watu hadi leo, na kwa Kiarabu mji unaitwa al-Eizariya, jina lililotokana na Lazaro mwenyewe. Na jina Lazaro ni kifupi cha Eleazari, maana yake Mungu amesaidia. Fikiria kulitaja jina hilo siku ya mazishi yake.

Yesu alikuwa ng'ambo ya Yordani. Dada hao wawili wakamtumia habari kwamba yule anayempenda ni mgonjwa. Hawakumwambia aje. Waliona kumjulisha kunatosha, kama vile wewe unavyomtumia rafiki wa karibu ujumbe kutoka hospitalini bila kumweleza la kufanya. Yesu akapata habari, akakaa palepale siku mbili zaidi. Kama umewahi kutuma ujumbe wa namna hiyo usiku, ukaona zile alama mbili zimegeuka buluu, na jibu lisije, basi unaijua hali ya nyumba ile.

Alipofika Bethania, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Wayahudi wa wakati ule walizika mapema, mara nyingi siku ileile mtu alipofariki, kisha maombolezo mazito yakafuata kwa siku saba. Yusufu alimwombolezea baba yake siku saba, na marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kabla ya kuanza kuharibu mambo kwa midomo yao. Kwa hiyo Yesu alifika katikati ya matanga, nyumba imejaa watu. Sisi siku hizi tunapanga kinyume. Mwili unakaa mochari wiki moja au mbili, tunaomboleza na kuchangisha, kisha tunazika Ijumaa au Jumamosi, na kufikia jioni hema limeshushwa, viti vimepakiwa, na wageni wamepanda magari. Wajane wameniambia, si mmoja wala wawili, kwamba siku iliyowalemea zaidi si ile ya mazishi. Ni Jumatatu iliyofuata.

Sasa angalia aya ya 20. Martha aliposikia Yesu anakuja, aliondoka akaenda kumlaki nje ya kijiji. Maria alibaki ndani ya nyumba.

Ndugu mmoja, mama mmoja aliyewazaa, msiba mmoja, na mmoja yuko barabarani, mwingine ameketi ndani. Yohana ameandika tu, hajamsifu mmoja na hajamkaripia mwingine. Mapema, kwenye aya ya 5, anatuambia Yesu aliwapenda, na katika kuwataja anaanza na Martha. Maria hata jina hakutajiwa hapo, ameitwa dada yake. Nasema hivi kwa sababu wahubiri tumemfanyia Martha kazi mbaya kwa kutumia Luka 10. Tumemgeuza kuwa mfano wa mwanamke wa sufuria asiye na kiroho, mpaka akina mama wetu wanaopika kwenye kila mazishi wakisikia jina lake wanajikunyata. Soma Luka 10, lakini usiishie hapo.

Martha alipomfikia Yesu alimwambia kwamba kama angekuwepo, ndugu yake hangekufa. Baadaye Maria alipofika mahali palepale alisema maneno hayohayo. Nikiwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Kigiriki alituweka tulinganishe aya ya 21 na aya ya 32, tukakuta maneno ni yaleyale. Tofauti ni mahali lilipokaa neno moja dogo, lile la "yangu", ambalo kwa Maria limesogea mbele kidogo. Dada wawili hawawezi kulingana hivyo kwa bahati. Naamini sentensi hiyo ilikuwa imesemwa ndani ya nyumba ile siku zote nne, jikoni, kitandani, usiku taa ikiwa imezimwa. Angekuwepo. Angekuwepo tu.

Na Bwana aliyesikia maneno yaleyale mara mbili ndani ya muda mfupi akayajibu kwa njia mbili zisizofanana kabisa.

Martha alipewa mafundisho. Yesu alimwambia ndugu yake atafufuka. Martha akajibu kama mtu aliyehudhuria darasa lote bila kukosa: anajua atafufuka, siku ya mwisho. Yesu akamvuta hatua moja mbele, akamwambia kwamba ufufuo si tarehe tu, ufufuo ni yeye aliyesimama mbele yake, kisha akamuuliza kama analiamini hilo. Na Martha, siku ya nne ya msiba, akakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ukiri wa Petro katika Mathayo 16 tunausifu sana, na unastahili. Lakini Petro aliutoa akiwa safarini na wenzake, hakuna aliyezikwa wiki hiyo. Huu wa Martha ulitoka kaburi la ndugu yake likiwa karibu.

Maria hakufundishwa chochote. Alikuja mbio, akaanguka miguuni pa Yesu, akasema ile sentensi, na baada ya hapo ni kilio. Yesu hakumuuliza kama anaamini. Hakumrudia lile somo la ufufuo, ingawa alikuwa ametoka kulitoa muda mfupi uliopita, na kwa maneno ambayo sisi wachungaji tunayasoma kwenye kila kaburi. Alimwona akilia, akawaona waliofuatana naye wakilia, akataabika rohoni, akauliza wamemweka wapi. Na machozi yakamtoka.

Jaribu kubadilisha majibu hayo mawili uone. Angemlilia Martha barabarani, nadhani Martha angeacha msiba wake amtafutie kiti na maji ya kunywa. Martha alihitaji kitu cha kushika, neno gumu lenye mifupa, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoumbwa. Na angempa Maria mafundisho pale chini alipoanguka, maneno yangekuwa ya kweli, lakini yangepita juu ya kichwa chake.

Kuna familia moja ambayo nilimzika mama yao. Nitabadilisha mambo mawili matatu ili wenyewe wasitambulike. Mama aliacha mabinti wawili. Mkubwa alishika daftari tangu siku ya kwanza. Bili ya hospitali, namba ya kuchangia, kundi la WhatsApp la kamati, kibali cha mazishi, jeneza, ng'ombe, hema, zamu za akina mama jikoni, yote yalipita mikononi mwake. Watu walimsikia akibishana na mwenye viti kuhusu bei. Tulipoteremsha jeneza hakulia. Alikuwa akitazama kule nyuma kama wageni waliotoka mbali wamepata chakula. Mdogo aliingia chumba cha mama, akalala kwenye kitanda cha mama, akajifunika leso ya mama. Siku tatu hakutoka isipokuwa kwenda msalani. Uji aliletewa mlangoni ukapoa.

Baada ya mazishi, kwenye kile kikao cha familia cha kuhesabu michango, mdogo alimwambia mkubwa mbele ya wajomba kwamba yeye hakumpenda mama, alikuwa akifanya kama msimamizi wa harusi. Mkubwa akamjibu kwamba wewe uliniachia maiti peke yangu. Huo ndio ulikuwa mwisho wa maongezi. Ni zaidi ya mwaka sasa. Wote wawili wameokoka, wote wanatoa zaka, na Jumapili mmoja hukaa mbele upande wa kwaya na mwingine karibu na mlango ili atoke wa kwanza.

Nimeketi na kila mmoja kwa wakati wake. Kwa mkubwa nilisoma aya ya 28. Ni aya ambayo huwa tunaipita. Martha alipomaliza kuzungumza na Yesu alirudi nyumbani, akamwita dada yake kwa faragha, akamwambia taratibu kwamba Mwalimu amefika naye anamwita. Kwa faragha. Nyumba imejaa wageni kutoka mjini, na Martha, huyu tunayemwona kama mtu wa kulalamika, hakusimama mlangoni na kumuuliza Maria kwa sauti ataketi humo mpaka lini. Aliinama akamnong'onezea. Na Maria akainuka upesi. Siku nne hakuna kilichomwinua, ila sauti ya dada yake aliyemfuata ndani alikokuwa.

Mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mchungaji, mimi nilimwita kwa kelele."

Wiki chache baadaye alinipa mfuko mdogo nimpelekee mdogo wake. Ndani ilikuwa ile leso ya mama. Alikuwa ameichukua alipofunga nyumba, akaifua, akaipiga pasi, akaikunja vizuri sana. Nilipoipeleka, mdogo aliifungua, akaiweka usoni, akaanza kulia kwa uchungu. "Ameifua," akasema. "Ilikuwa na harufu ya mama, naye ameifua."

Mpendwa, nimesoma vitabu kadhaa vya ushauri wa waliofiwa, na hakuna kilichonionyesha jambo hili waziwazi kama leso ile. Mkono uliofua ulikuwa na upendo. Pua iliyotafuta harufu ilikuwa na upendo. Wameumizana kwa upendo wa mama mmoja. Nikamwambia, dada yako anapenda kwa sabuni, hajui njia nyingine. Alicheka kidogo katikati ya machozi. Hawajazungumza bado. Leso hakuirudisha.

Mimi binafsi niko upande wa Martha. Baba yangu alipofariki, kule kwetu magharibi, daftari nililishika mimi. Nilijaza fomu, nikalipa fundi, nikapanga nani aketi wapi, na siku yenyewe nikahubiri sauti bila kutetemeka. Ndugu yangu anayenifuata alikaa nyuma ya zizi la ng'ombe wiki nzima, hakusema neno wala hakubeba kiti hata kimoja, na wazee wakanong'ona. Kisha ikapita miezi minane. Siku moja nikaingia dukani kununua betri, nikataja zile kubwa mbili alizokuwa akinituma baba kwa ajili ya redio yake. Mwenye duka akaziweka juu ya meza, akasubiri pesa. Sikuweza kumpa. Nilikuwa nimesimama pale, mtu mzima, mchungaji, nalia mbele ya foleni ya watu wanaotaka mkate. Kwa hiyo ukiona mtu hajalia kwenye mazishi, usihitimishe lolote. Yohana haandiki popote kwamba Martha alilia. Huenda siku yake ilikuwa haijafika.

Sasa nataka niseme na sisi Wapentekoste, kwa sababu tuna ugonjwa wetu. Mtu amefiwa asubuhi, na kufikia saa sita ameshaambiwa mara kumi asilie, ajikaze, awe na imani, marehemu yuko mahali pazuri. Andiko linalotumiwa ni 1 Wathesalonike 4:13. Lisome tena. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alitaka wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kisha nenda Matendo 8:2. Stefano, mtu aliyejaa Roho Mtakatifu, aliyekufa akiwa ameona mbingu zimefunguka, alizikwa na watu wacha Mungu, nao wakamfanyia maombolezo makubwa. Kanisa lile lilikuwa limepokea Pentekoste yenyewe, si ya kusimuliwa. Waliamini Stefano yuko na Bwana, na bado walilia kwa sauti.

Halafu mtazame Yesu. Alijua atafanya nini. Aliwaambia wanafunzi kwamba anaenda kumwamsha Lazaro. Muda mfupi tu baadaye Lazaro angekuwa hai, na Yesu pekee ndiye aliyelijua hilo kwa hakika, na bado alilia. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kutolia siku hiyo ni yeye.

Na hakuwa na huzuni tu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema aliugua rohoni, lakini neno la Kigiriki lililoko kwenye aya ya 33 na ya 38 lina ukali ndani yake. Ndilo linalotumika katika Marko 14:5 kwa wale waliomkaripia mwanamke aliyemwaga marhamu. Wako wanaofasiri kwamba Yesu alikasirishwa na kutokuamini kwa watu. Mimi nawafuata wale wanaosema alikikasirikia kifo chenyewe, yule adui aliyeingia kwenye nyumba ya marafiki zake. Kwa hiyo wewe uliyefiwa ukajikuta una hasira, hujui unamkasirikia nani, daktari au dereva au marehemu mwenyewe kwa kuchelewa kwenda kupimwa, usifikiri umerudi nyuma kiroho. Bwana alitembea kuelekea kaburini akiwa na hasira kifuani na machozi usoni kwa wakati mmoja.

Lakini hasira nyingine ni nzito zaidi ya hiyo, na ndiyo inayonifanya niandike. Ni ile ya mtu aliyeomba. Kanisani kuna mama aliyefunga kwa ajili ya mume wake, akapakwa mafuta, akatoa sadaka, akatamka uponyaji kila asubuhi kando ya kitanda. Mume akafariki. Na matangani mtu, tena wa kanisa, akamwambia kwamba labda mahali fulani imani ilipungua. Mama huyo anakuja ibadani, anaimba, anapiga makofi. Lakini aliniambia kwamba hajaomba ombi lolote lake mwenyewe tangu siku hiyo. Huwaombea wengine tu.

Mama, ile sentensi ya Martha na Maria ni lalamiko. Tusiipake sukari. Wanamwambia Bwana kwamba alikuwa na uwezo, waliita, na hakuja. Walimwambia usoni, si nyuma yake. Mmoja alimwambia akiwa amesimama na mwingine akiwa amelala chini, na Yesu hakumkemea hata mmoja. Hakusema imani yao ni ndogo. Tena angalia jambo hili: sababu ya kukawia kwake aliwadokezea wanafunzi mapema, waliokuwa mbali na msiba. Wale wenye msiba hakuwaeleza kwa nini zile siku mbili. Martha alipata ahadi, Maria alipata machozi, na maelezo hakupata yeyote. Mimi kama mchungaji wako sina maelezo ambayo Bwana mwenyewe hakuyatoa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unaruhusiwa kumwambia Yesu sentensi hiyo. Usimwambie jirani peke yake, mwambie yeye. Ukitaka kusimama, simama. Ukitaka kuanguka chini, anguka.

Kuna wengine kwenye sura hii. Tomaso anawaambia wenzake waende wakafe pamoja na Yesu. Huyo ni mtu ambaye msiba ukitajwa yeye tayari ameshaona wa pili, lakini angalau alikwenda. Na kuna wale Wayahudi waliotoka Yerusalemu. Walipoona Yesu analia, wengine wakasema tazama jinsi alivyompenda, na wengine wakaanza uchambuzi: aliyemfungua macho kipofu alishindwaje kuzuia kifo hiki? Kila matanga yana kile kikundi cha viti vya nyuma kinachojua hospitali gani mgonjwa angepelekwa. Hata hivyo siwezi kuwalaumu wageni wale wote. Walitembea kwa miguu wakaja. Walikaa ndani na Maria siku ambazo hakuwa na la kusema. Alipoinuka ghafla walidhani anaenda kaburini kulia, wakainuka wakamfuata. Walikosea alikokuwa akienda, lakini hawakumwacha aende peke yake. Mtu wa kukufuata namna hiyo, bila kuuliza, mshukuru Mungu kwa ajili yake.

Turudi kwa Martha kidogo, pale kaburini. Yesu anasema jiwe liondolewe. Martha, aliyekuwa amekiri vizuri kule barabarani, anamwambia kwamba sasa atakuwa ananuka, ni siku nne. Wahubiri wengi hapa wanamkemea tena. Mimi naona dada anayemlinda ndugu yake asiaibike mbele ya watu. Na naona pia jinsi msiba unavyotembea. Asubuhi una imani ya kuhamisha milima, na mchana mtu anakuuliza nguo za marehemu zipelekwe wapi, ukaporomoka. Yesu hakuufuta ule ukiri wa barabarani kwa sababu ya maneno ya kaburini. Alimkumbusha tu alichomwambia, na jiwe likaondolewa.

Siku chache kabla ya Pasaka walikuwa tena mezani Bethania, Yohana 12. Lazaro ameketi na wageni, na kama ulivyoona, katika injili yote hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Martha anatumika. Baada ya yote aliyoyaona, bado anabeba sahani, na safari hii hakuna anayemwambia aache. Maria yuko chini tena, miguuni pa Yesu, na marhamu ya nardo yenye thamani ya dinari 300, ikaribiayo mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Ameimwaga yote. Nyumba ambayo majuzi walikuwa wakiogopa harufu ya kaburi imejaa manukato mpaka kwenye kuta.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni nitabaki kanisani na wale waliofiwa, wa mwaka huu na wa miaka iliyopita. Hakutakuwa na mahubiri wala kipaza sauti. Chai itakuwepo, akina Martha wetu wameshapanga. Anayetaka kusema atasema, na anayetaka kukaa tu atakaa. Kama uko mbali, Ghuba au Mombasa au popote, niandikie kwa faragha jina la mtu wako uliyempoteza, jina tu linatosha, nami nitalitaja mbele za Bwana nikiwa peke yangu ofisini kabla hatujaanza. Na kama una dada au ndugu mliyeachana kwenye kaburi la mzazi, mtumie leo salamu. Mtumie kwake moja kwa moja, usiziweke kwenye kundi la familia.